Mwaka Paspoti Yangu Ilipokwenda Albania

Shemsa alikuja kuniona Mombasa wiki iliyopita, na tangu aondoke nimekuwa mtu wa kununa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtoto mwenye mapengo ya meno ya mbele. Sasa ni mwanamwali mrefu, ana sauti ya bibi yake na marashi ya mama yake, na alikuja kwenye harusi ya dada wa rafiki anayesoma naye. Aliulizia mpaka akafika hapa kwetu Kisauni, akanikumbatia mlangoni, akalia kidogo, akanipa habari kwamba Bibi amefariki. Nilimpa pole, na pole ilikuwa ya kweli. Mtoto huyu nilimlea mimi kwao Dubai, nikamuogesha na kumsuka na kumtia usingizini, na sina ubaya naye hata leo. Tuliketi ukumbini, mama yangu akaja kumsalimu kisha akarudi jikoni, nikamtuma mwanangu Swaleh dukani akatuletee soda. Ndipo Shemsa, macho yakiwa bado yana machozi, akasema, "Unajua ninachokumbuka kuliko vyote, Dada Rukia? Ile safari yetu ya Albania. Ulinishika mgongo kwenye maji, ukaniambia nijiachie, nikaelea. Mpaka leo nikiogelea nakukumbuka wewe." Akatoa simu kwenye mkoba. "Nina picha. Ngoja niitafute."

Mimi sijawahi kukanyaga Albania. Sijawahi kukanyaga nchi yoyote ya Ulaya, wala sijui kuogelea. Nilitaka kumwambia hapo hapo, lakini alikuwa ameshainama kwenye simu yake akitafuta kwa kidole, akitabasamu peke yake, na mimi nikabaki nimekaa naye huku mwaka ule wote ukinirudia.

Nyumba yao ilikuwa Mirdif, chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita, vikombe vya kahawa vilitetema kwenye visahani, na Bibi alinyamaza katikati ya neno, akangoja, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Bibi alikuwa mama yake Bwana Seif, mwenye nyumba. Alizaliwa Unguja, akapelekwa Dubai akiwa msichana, akaolewa huko na kuzeeka huko, na Kiunguja chake hakikupata hata mkwaruzo. Yeye ndiye aliyenitaka mimi. Wasichana wawili wa kabla yangu aliwarudisha kwa wakala kwa sababu hawakuweza kuzungumza naye, na alipoambiwa kuna mmoja wa Mombasa alisema huyo huyo, hata kama hajui kupika. Mke wa Bwana Seif alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyekulia Dubai; yeye nilimwita Madam, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, pamoja na mashine ya kufulia. Mashine ikianza kukamua nguo, kitanda nacho kilisogea, na mimi nikizungumza na mtu kwa simu nilimwambia angoje mpaka nguo zikauke.

Lakini nilikula sinia moja na wenyewe, na jambo hilo lilinilewesha. Wasichana wenzangu niliokutana nao mtaa wa Karama siku zangu za mapumziko, kwenye kile chumba cha vitanda vya juu na chini alichopanga binamu yangu na wenziwe, walikuwa wakila jikoni kwa waajiri wao, wengine wamesimama, wengine makombo. Mimi kila Ijumaa baada ya sala niliketi mkekani na Bibi na Madam na Shemsa, pilau katikati, na Bibi alinisogezea nyama kwa vidole vyake mwenyewe. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni mwanangu," na wageni walitikisa vichwa wakasema mashaallah. Nilikuwa nikirudi Karama na kuwasimulia wenzangu jambo hili kwa sauti ya mtu asiyejisifu, na bila shaka nilikuwa najisifu. Binamu yangu aliniuliza siku moja kama mtoto wa nyumba hiyo huwa analala na mashine. Nilimkasirikia wiki nzima. Leo naona alistahili kupigiwa makofi.

Mazungumzo ya safari yalianza kwenye sinia hilo hilo, miezi kadhaa kabla ya Ramadhani ya mwaka 2016. Bwana Seif, ambaye alikuwa meneja kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo huko eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, alisema kazini wamempa mapumziko marefu baada ya Idi. Madam alitaka London kama kila mwaka. Bibi aliweka tonge chini. "Mie London sendi tena," alisema. "Nimechoka kukaa hotelini natazama mvua dirishani. Mie nnataka bahari." Bwana Seif akacheka, akamwambia bahari si ile pale Jumeirah, ukitaka hata sasa hivi tunakwenda. "Ile bahari ya macho," Bibi alimjibu. "Huwezi kutia mguu bila ya dunia nzima kukutazama. Nitafutieni bahari isiyokuwa na watu, niingie na nguo zangu nitoke, asinijue mtu. Tangu niolewe sijaingia baharini. Mnataka nife mkavu?" Hapo hakuna aliyecheka tena, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika, na Bwana Seif akasema inshallah, Mama, nitakutafutia.

Akatafuta kweli. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akiunganisha kompyuta yake na televisheni ya ukumbini, mimi nikileta kahawa na halua, na fukwe za Ulaya zikipita ukutani moja baada ya nyingine. Uturuki Bibi aliikataa kwa sababu nusu ya Mirdif ilikuwa huko, angekutana na majirani wale wale anaowakimbia. Uhispania ilikuwa mwavuli juu ya mwavuli. Ugiriki ilipita mara moja tu, kisha Bibi akasema, "Astaghfirullah, toa hiyo, mtoto amekaa hapa." Mwishowe mwenzake mmoja wa kazini alimtajia pwani ya kusini ya Albania, kijiji kinachoitwa Borsh. Ukutani ukatokea ufuo mrefu wa changarawe, mizeituni imeshuka karibu kufika majini, milima nyuma yake, na hakuna mtu ila mbuzi. Bwana Seif alieleza kwamba juu kilimani kuna ngome ya kale na ndani yake msikiti wa zamani. "Msikiti upo?" Bibi aliuliza. "Na watu hamna?" "Hamna, Mama. Hata barabara yenyewe mbaya." Bibi akaegemea mto wake. "Basi hapo," alisema.

Mimi niliulizwa maoni yangu. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililonimaliza. Nyumba za kupanga zilipopita ukutani, Bibi alikuwa akiniuliza, "Rukia, unasemaje?" na mimi nikasema ile ya ghorofa haifai kwa magoti yake, tuchukue ile ya chini yenye baraza, na wakaichukua. Walipokuwa wanagawana vyumba, Bwana Seif alisimamisha picha ya chumba kidogo chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama bahari, akasema, "Hiki cha Rukia na Shemsa." Shemsa akarukaruka, akachagua kitanda cha karibu na dirisha, kisha akaniachia mimi kwa sababu mimi ni mkubwa. Nilisimama na buli mkononi nikakitazama kitanda changu ukutani. Shuka lake lilikuwa jeupe na hapakuwa na mashine yoyote.

Sasa lazima niseme nilichokuwa nimekiacha nyumbani. Swaleh alikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipoondoka, nikamwacha kwa mama yangu, na mkataba wangu ulisema baada ya miaka miwili nina likizo. Miaka miwili ilikuwa inatimia Julai, mwezi ule ule wa safari yao. Simu za video za mtandaoni zilikuwa zimefungwa kule, kwa hiyo mimi na mama tulikuwa tukitumiana ujumbe wa sauti, na mimi nilikuwa nikisikiliza wake nikiwa napiga pasi. Katika mmoja wa mwezi wa Mei alisema, "Rukia, fanya uje. Huyu mtoto ashaanza kuniita mama. Nikimwambia mamako ni Rukia, yuaitazama simu. Njoo kabla hajazoea." Na nyuma ya sauti yake, mbali kidogo, nilimsikia Swaleh mwenyewe akiita mama, mama, nataka maji, na mama yangu akimjibu. Nilizima pasi nikakaa sakafuni. Niliirudia ile sauti mpaka nikaijua yote kwa moyo, na kila mara nilitumaini kwamba safari hii atakuwa anamwita mtu mwingine.

Nikaenda kwa Bibi kumkumbusha likizo yangu. Alikuwa jikoni akichambua mchele, kazi ambayo hakumwachia mtu. Nikamweleza kuhusu Swaleh, nikamsikilizisha na ule ujumbe, akausikiliza kichwa ameinamisha juu ya ungo. "Maskini," alisema. "Haya, mwanangu, sikiliza. Utakwenda. Lakini tukirudi. Sisi hatwendi bila ya wewe, nani atanishika mkono mie kwenye maji? Madam mwenyewe anaogopa mawimbi. Tukirudi tu, siku ya pili Seif anakukatia tiketi, unakwenda kwa mwanao na zawadi za Ulaya." Kisha akanishika kidevu kwa mkono wenye vumbi la mchele. Mimi nikasema sawa, Bibi. Niliona ni wiki tatu tu zimeongezeka, na kwamba mtu anayekwambia hatwendi bila ya wewe humwachi akaenda bila ya wewe. Nikamtumia mama yangu ujumbe kwamba nasogeza likizo kidogo kwa sababu wananipeleka Ulaya. Hakunijibu siku mbili. Alipojibu alisema tu, "Nishasikia," na mtaa mzima ukawa umeshasikia.

Aliyeniuliza kuhusu viza alikuwa Moses, dereva wa nyumba, Mganda, mtu wa kanisa, aliyekuwa akinipeleka sokoni kila Jumanne. "Sasa dada," aliniambia tukiwa kwenye foleni ya taa, "hiyo Bulaya munaenda, wewe visa wamekupatia?" Nikamwambia Bwana amepanga kila kitu. "Mimi boss wangu wa kwanza alinipeleka Georgia," alisema. "Visa yangu tulingoja mwezi muzima. Uliza tu. Kuuliza si vibaya." Jioni ile ile nikamuuliza Bwana Seif, akiwa anavua viatu mlangoni. Nakumbuka alivyoshangaa, kwa moyo safi kabisa. "Viza ya nini?" alisema. "Si unakwenda na sisi?" Nikasema nilidhani labda. "Kwani Muscat ulipitaje?" akaniuliza. Na kweli, Idi iliyopita tulikwenda Muscat kwa gari, na mpakani mimi nilikaa nyuma na Khalfan, mdogo wake Shemsa, mapajani, Bwana Seif akatoa paspoti zote pamoja dirishani, askari akachungulia ndani, akagonga mihuri, yalla, tukapita. Wale walikuwa watu ambao milango huwafungukia. Paspoti zao ziliingia nchi hiyo ya mizeituni bila kuulizwa neno, na katika vichwa vyao aliyekaa ndani ya gari lao alikuwa tayari ameingia. Mimi ningejuaje zaidi yake, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha vitu mipakani? Nilimwambia Moses siku ya pili, nikamwambia kwa kejeli kidogo. Alisema, "Haya, Mungu asaidie."

Wiki ya mwisho Bibi aliagiza sare. Kwao hakuna safari wala harusi bila wanawake wa nyumba kuvaa kanga moja, na alimtuma mtu amletee kutoka Unguja doti tatu za zambarau zenye korosho nyeupe, yake, ya Madam, na yangu. Sisi Mombasa tunaita leso, na jambo hilo tulikuwa tukitaniana kila siku. Nilizikata, nikazipinda zote kwa mkono wangu. Kipande kimoja cha doti yangu nilikiacha cha kujitupia mabegani siku ya safari, cha pili pamoja na nguo zangu zote nikakitia kwenye sanduku la Bibi, kwa sababu alisema haina haja ya mimi kubeba sanduku langu. Asubuhi ya kuondoka nilikaanga visheti, nikavitia kwenye kopo, na Moses akatupeleka uwanja wa ndege.

Kwenye kaunta palikuwa na msichana mwenye sauti ya upole. Masanduku yalikuwa yameshapandishwa kwenye mkanda yakaenda, na Bwana Seif alikuwa amempa paspoti zote kwa pamoja kama kawaida yake. Alizifungua moja moja mpaka akafika kwenye yangu, akaigeuza kurasa, akairudia tangu mwanzo. Akauliza viza ya huyu iko wapi. Bwana Seif akamjibu kwa Kiarabu kwamba huyu yuko na sisi, kisha akamjibu hivyo hivyo kwa Kiingereza. Msichana akasema anaelewa, lakini kila abiria anaangaliwa kwa paspoti yake. Bibi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akanivuta mkono akasema, "Seif, mwambie ni mtoto wetu." Bwana Seif hakumwambia. Labda hakujua neno hilo angelisemaje kwa mtu wa kaunta. Aliuliza kama inaweza kununuliwa wakifika, akaambiwa haiwezekani. Madam akatazama saa ya ukutani, akamtazama mumewe, na mimi niliiona safari yangu ikiisha katika yale macho mawili yaliyotazamana. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza, Rukia, unasemaje.

"Khalas," Bwana Seif alisema. "Rukia, samahani sana, wallahi sikujua. Mpigie Moses arudi akuchukue. Nyumba angalia vizuri." Alikusanya paspoti zote kutoka kaunta kwa mkupuo, akazitia kwenye mkoba wake wa ngozi, akafunga zipu. Shemsa alinishika kiuno akalia mpaka sauti ikapotea, na Madam akambandua vidole kimoja kimoja. Bibi alinibusu kwenye paji la uso. "Basi tena, mwanangu," alisema. "Ndiyo alivyopanga Mungu." Nilimpa kopo la visheti akaliweka mapajani, mtu akasukuma kiti, wakaenda. Nimesamehe mambo mengi ya siku ile lakini hilo la Mungu sijalisamehe. Mungu hakuulizwa, aliyeulizwa ni Bwana Seif, mlangoni, akiwa anavua viatu.

Moses alikuja. Hakusema si nilikwambia. Alizima redio tu. Tulipofika njia ya kuingia Mirdif ndipo wazo likanijia, na lilinijia na furaha nyingi hivi kwamba nilicheka kwa sauti akanitazama kwenye kioo. Wiki tatu! Nyumba haina mtu, sinia halina mtu, mimi nina akiba ya tiketi, naweza kuwa Kisauni kesho kutwa. Nitampigia Bwana Seif aniruhusu tu, atakubali, amejiona mkosaji. Nikamwambia Moses. Akafurahi naye, akapiga usukani. Halafu akauliza, polepole, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza, "Na pasipoti iko na wewe?"

Niliwapata kwa simu walipokuwa wanabadilisha ndege Istanbul. Nilimsikia Bwana Seif akifungua zipu. "Subhanallah," alisema, na akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kumbe iko hapa na sisi." Nikamwomba airudishe. Nikamwambia kwa nini. Nikalitaja jina la Swaleh. Alisema huko wanakokwenda ni kijijini, hakuna ofisi ya kutuma vitu, na paspoti ya mtu haitumwi ovyo ovyo, ikipotea je? "Subiri kidogo, Rukia. Tukirudi, inshallah." Mtu huyu alikuwa akipeleka makontena mpaka visiwa ambavyo mimi sijui viko bahari gani. Kijitabu kimoja kilimshinda. Nilimchukia siku ile na sioni sababu ya kulificha. Nilimchukia nikiwa nimesimama jikoni kwake nakausha vyombo vyake.

Zile wiki tatu nilizikaa kwenye nyumba yenye vyumba sita nikilala kile kile chenye mashine, kwa sababu vingine nilikuwa nimeambiwa niviangalie tu. Ndege zilipita, vikombe vikatetema kabatini. Nilikula wali mkavu nikiwa nimesimama, na mara ya kwanza nilipojikuta nimesimama nilimkumbuka binamu yangu. Nguo zangu zote zilikuwa Albania, nikawa nafua gauni moja na kulingoja likauke nikiwa nimejifunga ile leso. Bibi alikuwa akinitumia sauti. Nyuma yake ilisikika bahari. "Rukia mwanangu, tumekukumbuka kweli kweli. Maji haya mazuri, baridi, hamna hata mtu. Nimeingia mpaka hapa kifuani!" Sauti yake ilikuwa ya msichana, na mpaka leo siwezi kuikumbuka bila kumfurahia na kumkasirikia kwa pamoja. Mara nyingine alisema, "Tumepata msichana mmoja wa hapa hapa, mtoto wa mwenye nyumba, anatusaidia na watoto. Maskini hana nguo ya kujisitiri majini. Nimempa ile kanga yako ajifunike, usijali, ntakununulia nyingine." Niliwaza kwamba sasa kanga yangu imeogelea, nguo zangu zimeona mizeituni, visheti vyangu vimeliwa barazani, paspoti yangu imelala kwenye ile nyumba niliyoichagua mimi. Kila kitu cha Rukia kilifika kwenye bahari ile isiyo na watu.

Waliporudi sikukatiwa tiketi siku ya pili. Shule zilikuwa zinafunguliwa, kisha Khalfan akaugua tumbo, kisha Madam akapata mimba na hakuweza kusikia harufu ya jikoni. Kila Ijumaa Bibi alinisogezea nyama, na kila Ijumaa nilikumbusha, na kila Ijumaa ilikuwa inshallah. Nilikwenda Februari. Swaleh alikuwa amesimama nyuma ya mama yangu ameshika dera lake, na nilipochuchumaa nikanyoosha mikono, alimuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Mama yangu akalia. Akamwambia ni Rukia, na kwa kuwa ndugu zangu wadogo wote waliniita Dada Rukia, naye akaniita hivyo, na hajaacha. Nilikaa siku zangu za likizo, nikarudi Dubai.

Niliwaeleza kwamba sikwenda. Niliwaeleza wote, mmoja mmoja, lakini habari ya kwanza ilikuwa imeshazunguka mtaani zaidi ya nusu mwaka: Rukia ameambiwa aje kwa mwanawe, amekwenda Ulaya kuogelea na Waarabu. Habari ya pili haikuwa tamu vile, nayo haikuenda mbali. Swaleh ana miaka kumi na mitatu sasa. Nimeshamweleza mara nyingi kuhusu kaunta, na mkoba wa ngozi, na zipu. Husikiliza kwa adabu, akaitikia ndiyo, dada, kama anavyomwitikia mwalimu asiyemwamini.

"Nimeipata!" Shemsa alisema.

Wakati huo huo Swaleh aliingia na soda kwenye sinia dogo, akamsalimu mgeni, akaanza kuzipanga mezani. Shemsa akanigeuzia simu. Picha ilipigwa kutoka mbali. Maji yalikuwa ya kijani, safi mpaka mawe ya chini yanaonekana, na kwenye maji ya kiuno amesimama mwanamke, mgongo wake kwetu, leso ya zambarau yenye korosho nyeupe imemfunika kichwa na mabega, mikono yake yote imezama chini ya mtoto anayeelea. Uso wa Shemsa ulikuwa umetazama mbinguni, unacheka. "Unaona?" alisema. "Wewe huyo."

"Si mimi," nikasema. "Huyo ni msichana wa kule, mtoto wa mwenye nyumba. Mimi mliniacha uwanja wa ndege, Shemsa. Ulilia."

Alinitazama kwa huruma, nikajiona nimezeeka. "Hapana, Dada Rukia," alisema taratibu. "Nakumbuka vizuri. Ulikuwa na sisi."

Swaleh alikuwa ameacha kupanga soda. Aliinama juu ya bega langu, akaitazama picha kwa muda, kisha akageuka kutazama mlango wa chumba cha mama yangu, ambako kile kipande changu kingine, kile nilichorudi nacho mabegani kutoka uwanja wa ndege, kimetundikwa kuwa pazia tangu yeye akiwa mdogo. Kimepauka lakini korosho zake bado zinaonekana. Aliirudia picha. Hakuonyesha hasira yoyote. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyekuwa akijua siku zote na sasa ameonyeshwa. Nilisema, "Swaleh, ngoja," lakini alikuwa ameshaelekea jikoni.

"Mama," alimwita mama yangu, "njoo umwone Dada Rukia alivyokuwa Ulaya."